Visanduku badala ya herufi

SWALI: Nanakili tenzi za marehemu babu kwa herufi za Kiarabu. Kibodi ya Kiarabu niliyoongeza kwenye Windows haina p wala ch, na nikimpelekea mchapishaji faili anaona visanduku vitupu. Nifanyeje?

JIBU: Hayo ni matatizo mawili. Kiarabu fasaha hakina sauti hizo, ndiyo maana kibodi yake haina پ na چ. Kiajemi kinazo. Fungua mipangilio ya lugha, ongeza Kiajemi, kisha badili kibodi kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi. Herufi ڤ, ya kuandikia v, ina dawa yake: katika Word andika 06A4, halafu bonyeza Alt na X.

Visanduku ni habari ya fonti. Kompyuta ya mchapishaji inapokea herufi lakini haina umbo la kuichora. Pakua fonti ya Scheherazade New ya shirika la SIL. Ni ya bure, na fataha na kasra zake hukaa mahali pake bila kupandana. Kisha mpelekee PDF, ambayo hubeba fonti ndani yake. Usichanganye fonti mbili katika neno moja, herufi zitaachana mikono.