SOMO KWA KAMATI NA WATENDAJI: KUHAMISHIA SIMU ZA CHAMA KWA MTOA HUDUMA



Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza utunzaji wa daftari la mazao na stakabadhi za malipo. Somo hili lahusu simu ya ofisi, chombo ambacho Kamati nyingi hazikifikirii mpaka kinyamaze. Yafaa tukumbuke kwamba mkulima aishiye mbali hukijua chama chake kwa namba ya simu kuliko kwa mlango wa ofisi.

1. Mabadiliko yenyewe

Kwa desturi ya zamani, chama chenye vyumba kadhaa vya ofisi kilinunua mtambo mdogo wa kuunganishia simu, ukafungwa ukutani. Ulipoharibika, fundi aliitwa kutoka mjini kwa gharama ya chama. Katika utaratibu mpya mtambo huo hauko tena ofisini. Uko katika majengo ya kampuni inayotoa huduma. Simu za mezani za Katibu, Mhasibu na stoo huunganishwa nao kwa njia ya intaneti, na chama hulipa ada ya kila mwezi.

Faida zake ni dhahiri. Chama hakinunui mtambo, simu ya stoo huongezwa bila kuvuta waya mrefu, na simu isiyopokewa ofisini yaweza kuelekezwa kwenye simu ya mkononi ya mtendaji aliye safarini. Lakini mtambo ukihama, wajibu wa Kamati hauhami.

2. Mambo ya kuhakikisha kabla ya kutia sahihi

(a) Namba ni ya nani? Katika ukaguzi wangu nilikuta chama ambacho namba yake iliombwa na katibu wa zamani kwa jina lake mwenyewe. Katibu huyo alikuwa amekwisha kuondoka kwa ugomvi. Siku ya kuhama, kampuni ilikataa kuihamisha namba bila sahihi yake, naye hakutaka kuitoa. Chama kilipewa namba mpya wiki moja kabla ya msimu wa kununua mazao, hali stakabadhi zote zilikuwa na namba ya zamani. Wakulima walipiga simu, hawakujibiwa, na baadhi yao wakauza kwa walanguzi shambani. Kwa hiyo namba iandikishwe kwa jina la chama, na mkataba uthibitishe kwamba chama kikiiacha kampuni kitaondoka na namba yake.

(b) Umeme. Simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata nguvu kutoka kituo cha simu, kwa hiyo iliweza kufanya kazi hata taa za ofisi zilipozimika. Simu ya intaneti haina uwezo huo. Ruta na simu zenyewe ziwekewe betri ya akiba, na kampuni ielekezwe kupeleka simu kwenye namba ya mkononi ya chama umeme unapokatika.

(c) Nguvu ya intaneti. Simu moja inayoendelea huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Simu 4 kwa wakati mmoja huhitaji kilobiti 400 kila upande, mbali na kazi nyingine za kompyuta. Pimeni mchana wa kazi, wala si usiku ambapo hakuna mtumiaji.

(d) Usalama. Wezi hutafuta simu zenye neno la siri dhaifu, wakazitumia usiku kupiga nchi za nje, na ankara ikamfikia mwenye namba. Mwambieni mtoa huduma azifunge simu za nje kama hamna haja nazo, tena aweke kikomo cha matumizi. Kama mazungumzo yatarekodiwa, kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023.

3. Hesabu na utekelezaji

Msilinganishe ada ya mwezi mmoja. Jumlisheni gharama za miezi 36: ada, intaneti, simu mpya, betri na matengenezo, kisha mfanye vivyo hivyo kwa mtambo mlio nao. Jumla zote mbili ziwekwe mbele ya Kamati na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Msihame wakati wa msimu. Iacheni laini ya zamani ifanye kazi hadi namba imekwisha kuhamishwa na kujaribiwa. Kuikata mapema ni kuihatarisha namba yenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Namba ya simu ya chama chenu imeandikishwa kwa jina la nani? Hati iko wapi?
2. Umeme ukikatika saa nne asubuhi siku ya malipo, mwanachama atampata nani?
3. Nani katika chama chenu huikagua ankara ya simu kabla haijalipwa?