Msa, Gamba au Kiango? Maswali ya wapenzi wa riwaya za upelelezi

Kila anayejua kwamba nasoma riwaya za upelelezi huniomba kitu kimoja: "Nipe kipya." Nami huanza kwa kumuuliza la zamani: kati ya Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango, ulimpenda nani zaidi? Jibu lake ndilo dira yangu. Haya ndiyo maswali yanayofuata.

Mimi ni wa Bwana Msa. Nisome nini sasa?

Basi wewe wapenda fumbo. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, maiti inakutwa mzimuni na watu wanaisingizia mizimu. Msa na kiko chake anaunganisha vitu vidogo ambavyo nawe uliviona, ukavipita. Mtafute Mjapani Keigo Higashino katika *The Devotion of Suspect X*. Muuaji utamjua tangu mwanzo. Kitakachokukosesha usingizi ni jinsi jirani yake, mwalimu wa hesabu, anavyolificha kosa lile mbele ya macho ya polisi.

Mimi nataka mbio na risasi, kama za Willy Gamba.

Tangu *Kufa na Kupona* (1974), Elvis Musiba alimpa Gamba kazi zisizojua mipaka. Soma *Nairobi Heat* (2009) ya Mukoma wa Ngũgĩ. Maiti ya msichana wa Kizungu inakutwa mlangoni kwa profesa Mwafrika huko Wisconsin, Marekani. Simu ya mtu asiyejitaja inamwambia mpelelezi Ishmael kwamba ukweli uko Nairobi, naye anapanda ndege. Huko anapewa mwenzake, askari aitwaye O, na kuanzia hapo hupati nafasi ya kupumua.

Na sisi wa Joram Kiango?

Wasomaji wengi wa Ben Mtobwa niliokutana nao hawakumbuki kesi. Wanamkumbuka Joram, mwenzake Nuru na usiku wa jiji. Kwenu nyinyi ni *My Sister, the Serial Killer* (2018) ya Oyinkan Braithwaite. Korede ni muuguzi wa Lagos. Mdogo wake, Ayoola, mrembo kupindukia, anampigia simu: ameua tena mpenzi wake. Korede anakwenda na jiki, anapiga magoti na kusugua bafu mpaka kwenye pembe ambazo mtu mwingine angezisahau. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Riwaya hii inauliza: hata mzaliwa nawe akiwa muuaji?

Mama yangu hasomi Kiingereza. Nimpe nini?

Mpe Hussein Tuwa, *Mkimbizi* au *Mdunguaji*. Akivimaliza, mtafutie *Simu ya Kifo* (1965) ya Faraji Katalambula. Usiogope mwaka wake. Kitabu usichokisoma ni kipya, hata kikiwa na umri wa kukuzaa.

Nimsifieje rafiki kitabu bila kummalizia utamu?

Niliwahi kununua riwaya ya mtumba kwa muuza vitabu aliyetandika turubai kando ya barabara. Ukurasa wa tatu, msomaji aliyenitangulia alikuwa amelizungushia jina moja wino wa bluu na kuandika pembeni: "Huyu ndiye." Niliisoma yote, lakini sikupeleleza chochote. Nilikuwa nasubiri tu akamatwe, kama mtu asubiriye daladala.

Kwa hiyo mtajie rafiki yako mambo matatu: maiti, mahali na mpelelezi. Ishia hapo. Hata maneno "mwisho wake utakushangaza" ni wino wa bluu, maana tangu hapo atamshuku kila anayeonekana mwema. Jina la muuaji liache. Atakuja kukuambia mwenyewe, usiku wa manane, kwa simu.