SOMO LA ROBO HII: LAND ROVER AU LAND CRUISER?

Parokia nyingi hupewa gari lililokwishatumika kwa huduma za vijijini. Tulinganishe mawili yanayofahamika, tukiifikiria Iguguno: lami ya Singida–Nzega, kisha njia za vumbi na tope la masika.

Land Rover Defender 300Tdi (kuanzia 1994)
Injini ya dizeli ni lita 2.5, silinda 4, yenye turbo. Haitumii mafuta mengi, na magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Bodi ya alumini haishiki kutu kama bati, ila chasisi ni ya chuma, ikaguliwe. Maji ya rejeta yakipungua, silinda hedi huharibika upesi.

Land Cruiser HZJ78 (kuanzia 1999)
Injini ni lita 4.2, silinda 6, bila turbo. Haina haraka mlimani, lakini ni mvumilivu kwa mizigo. Hunywa dizeli zaidi, na hata ikiwa kuukuu bei yake ni kubwa.

Tunajifunza nini?
Defender ya muundo huo iliacha kutengenezwa mwaka 2016; Land Cruiser za jamii hii zingali zikitengenezwa. Hata hivyo, gari la bure lina gharama. Mama mjamzito anayesubiri usiku hajali jina la gari. Anahitaji gari linalowaka. Mfadhili anayetoa gari atoe pia fungu la matengenezo.

Maswali kwa kamati
1. Fundi wetu anaijua injini ipi?
2. Vipuri vinapatikana Singida mjini?
3. Nani atalipia dizeli, matairi na mkanda wa taimingi?