SOMO LA WIKI: Kompyuta ya dhamana – lipa tofauti, usilipe mara mbili

Wiki hii tunazungumzia jambo linalowagharimu wenye ofisi ndogo bila wao kujua. Kompyuta inaharibika ikiwa bado ndani ya dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita. Muuzaji anakubali kuibadilisha, lakini anakuambia: "Ongeza fedha kidogo, nikuwekee yenye nguvu zaidi." Je, ukubali?

Tuchukue mfano wa wakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Alinunua kompyuta kwa Sh. 1,500,000 ikiwa na kumbukumbu (RAM) ya GB 8, na dhamana ya miezi 12. Mwezi wa nane ikazimika isiwake tena. Muuzaji anampa nyingine inayolingana nayo, kisha anamshauri aongeze Sh. 150,000 ili apate GB 16. Bei dukani wiki hiyo ni kama ifuatavyo:

Kumbukumbu ya GB 16: Sh. 160,000
Kumbukumbu ya GB 8: Sh. 85,000
Tofauti: Sh. 75,000

Bei hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ndiyo yenyewe. GB 8 ni haki ya mteja, kwani aliilipia siku aliponunua. Akichukua GB 16, muuzaji anabaki na ile GB 8 mpya, naye ataiuza kwa mteja mwingine. Kwa hiyo kinachodaiwa ni Sh. 75,000, na labda ujira mdogo wa fundi. Anayelipa Sh. 150,000 amenunua kipande kipya karibu kwa bei kamili, na haki yake ameiacha dukani bure.

Muuzaji anaweza kudai kuwa kipande chako kimetumika miezi minane, hivyo thamani yake imeshuka. Mjibu kwa upole kwamba hubadilishani naye kipande kikuukuu. Unaacha kipande kipya ambacho dhamana inamtaka akupe.

Pande zote mbili zipimwe kwa bei ya leo, si ya siku uliponunua. Bei ya vipande vya kompyuta haitulii. Mwaka 1996 bei ya kumbukumbu iliporomoka katika soko la dunia kwa sababu viwanda vilizalisha kupita mahitaji. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalifunga viwanda vya diski, na bei ikapanda hata kwa wanunuzi wa mbali. Ukipima kipande kimoja kwa bei ya zamani na kingine kwa bei ya leo, mmoja wenu ataumia.

Kabla ya kulipa, jiulize maswali matatu.

Kwanza, je, kazi yako inahitaji nguvu hiyo? Kwa kuandika barua na ankara, GB 8 zinatosha ofisi nyingi. Anayefungua programu ya hesabu, barua pepe na kurasa nyingi za intaneti kwa wakati mmoja ataona faida ya GB 16.

Pili, je, unaweza kuongeza baadaye? Kompyuta nyingi za mezani zina nafasi ya kuongeza kipande. Lakini baadhi ya kompyuta nyembamba za kubeba zina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, haitoki wala haiongezwi. Kwa hizo, siku ya kubadilishiwa ndiyo nafasi yako ya mwisho. Usitegemee pia kuhamisha kipande kutoka kompyuta nyingine: kumbukumbu ya DDR4 haiingii mahali pa DDR5.

Tatu, dhamana itasomekaje? Mara nyingi kompyuta ya kubadilishiwa huendelea na muda uliobaki. Kwa mfano wetu, ni miezi minne tu. Lakini kipande ulichokilipia ni mauzo mapya. Omba kipewe dhamana yake kamili, na iandikwe.

Hakikisha risiti inaonyesha aina ya kipande, kiasi ulicholipa, namba ya kompyuta mpya na tarehe ya mwisho ya dhamana. Pasipo hayo, kompyuta ikisumbua tena muuzaji anaweza kusema kipande hicho kiliwekwa na fundi wa mtaani. Na kabla ya kuikabidhi kompyuta mbovu, shughulikia diski yake. Humo mna orodha ya wateja na madeni yako. Mwombe fundi anakili kumbukumbu zako mbele yako, kisha afute diski.

Nyumbani pia kuna kazi. Fedha uliyoongeza usiiandike kama gharama ya matengenezo. Imeongeza thamani ya mali ya kudumu, basi iingie upande huo wa vitabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kama muuzaji hakubali kulipwa tofauti tu, chukua kompyuta inayolingana na ile uliyonunua. Hiyo ni haki yako bila kuongeza hata senti. Nguvu ya ziada utainunua siku utakayoihitaji, kwenye duka utakalolichagua mwenyewe, ila kwanza soma kama dhamana yako inaruhusu fundi mwingine kuifungua.