SOMO: MPAKA WA KUTUMIA CHAJI YA BETRI



Chama kinachosafirisha maziwa au mazao kwa bajaji ya umeme yenye betri za risasi na asidi kimeweka fedha za wanachama ndani ya betri hizo. Kuzitumia mpaka chaji iishe ni kuzipoteza kabla ya wakati wake.

Sababu ni hii. Betri itoapo umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba yake. Betri ikichajiwa mapema, salfeti huondoka. Ikilazwa bila chaji, huganda ikawa ngumu, na nguvu ya betri hupungua daima.

Kanuni: tumia nusu, bakiza nusu. Hata siku ya dharura, usitumie zaidi ya asilimia 80. Chaji jioni ileile.

Kipimo: betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa huonyesha karibu 12.7 ikijaa, na karibu 12.2 ikibaki nusu. Bajaji ikiwa mwendoni kipimo hushuka, kikifika 10.5, simamisha safari.

Pima kila betri peke yake. Jumla ya betri nne huweza kuificha iliyo dhaifu, nayo ndiyo hufa kwanza.

Maswali ya kujadili:
1. Safari yetu ya kwenda na kurudi huacha chaji kiasi gani?
2. Ni nani anayeandika vipimo kitabuni kila siku?