Kukata Viraka vya Pembesita Bila Kupoteza Kitambaa



Vikundi kadhaa vya akina mama, upande wa Kitui na ule wa Makueni, vimetuuliza juu ya blanketi la viraka, lile la vipande vya pembe sita. Sababu zao tunazielewa. Baridi ya Juni na Julai kule milima ya Mbooni si mchezo, na vyondo peke yake havijazi mfuko wa kikundi. Kushona wanajua. Hasara inaingia kwa makasi, kabla sindano haijaguswa. Kwa hivyo leo tutafundishana kukata tu.

Mtindo huu si mgeni duniani. Jarida moja la Marekani lilichapisha mfano wake mwaka wa 1835, na miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka huko, akina mama wengi waliushona kwa mabaki ya nguo. Ni kazi ya watu wasiotaka kutupa kitu.

Kwanza tuseme juu ya kipimo, kwa sababu hapo ndipo vikundi huvunjika. Kikundi kimoja kiligawana kazi vizuri kabisa kama mwethya: kila mama akakate vipande hamsini nyumbani. Siku ya kuunganisha, vikakataa kushikana. Kumbe mmoja alinakili kipimo cha jirani, jirani naye alikuwa amenakili cha mwingine, na kila mara penseli huongeza unene wake. Wakaanza kulaumiana, na wawili hawakurudi tena. Hebu tupige hesabu. Blanketi la upana wa sentimita 150 lina vipande 17 hivi kwa mstari. Kila kipande kikizidi milimita 1 tu, mstari mzima umezidi karibu sentimita 2, na ule wa kando haukuzidi. Hapo hata fundi hodari hatanyoosha.

Basi kikundi kiwe na kipimo-mama kimoja, kinachokaa kwa katibu, na vyote vitolewe kwa hicho. Msinakili nakala. Chukueni kifuniko kigumu cha plastiki cha kopo la mafuta ya kupikia, kile kikubwa, na bikari ya mtoto wa shule. Fungueni bikari sentimita 5, mchore duara. Bila kubadilisha bikari, tembeeni nayo juu ya duara lile: itaingia mara sita kamili. Unganisheni alama hizo kwa rula, na hiyo ndiyo pembesita. Hiki ni kipimo cha karatasi zinazokaa ndani ya kiraka. Pakiti za unga zinafaa sana. Kisha fanyeni cha pili kwa sentimita 5 na milimita 8, hicho ni cha kitambaa. Kinaacha karibu milimita 7 za kukunja kila upande, na kutoka upande bapa hadi upande bapa kina sentimita 10.

Sasa kukata. Wengi huweka kipimo popote, wanachora, wanakata, wanahamia mahali pengine. Wengine hukata mikanda ya sentimita 10, halafu wanatoa vipande ndani ya mkanda, na katikati ya kila viwili zinabaki pembetatu za kutupwa. Sisi tunawauliza, nyuki hufanyaje? Mtu wa Kitui haitaji kufundishwa sega la asali. Hakuna nafasi kati ya tundu na tundu, na ukuta mmoja unatumika na wawili.

Fanyeni hivyo. Pangeni kipimo safu ya kwanza kutoka chini kwenda juu, upande bapa ukigusa upande bapa. Safu ya pili ianze nusu kipande juu zaidi, ili ncha zake ziingie katika mabonde ya safu ya kwanza. Choreni kwa kipande cha sabuni kikavu. Mkimaliza, kateni kwanza ule mstari wa kwenda upogo-upogo kati ya safu na safu, halafu mtenganishe vipande kwa mkato mmoja mmoja. Mkato mmoja unahudumia vipande viwili, kwa hivyo hata mkono unapumzika.

Faida yake ni hii. Kitambaa cha mita moja kwa mita moja, kwa njia ya mikanda, kinatoa vipande 80. Kwa njia ya sega kinatoa 105. Blanketi la sentimita 150 kwa 200 linahitaji vipande kama 480. Kwa mikanda mtatumia vitambaa 6 vya namna hiyo. Kwa sega hata 5 haviishi. Kitambaa kizima kimebaki kwa mfuko wa kikundi.

Si ati mtanunua kitambaa kipya. Kila soko lina fundi mwenye gunia la mabaki, na mtumba una mashati yaliyochakaa kola tu. Fueni yote kwanza, yarudi na kutoa rangi mapema. Pamba ikae na pamba, maana nailoni huungua kwa pasi ya makaa. Upande mmoja wa kipimo ufuate uzi wa kitambaa, la sivyo kiraka kitavutika. Mkikata kwa kurundika, tabaka 4 zinatosha, tena zishikwe kwa pini. Zaidi ya hapo ya chini huteleza, na tumerudi kwa ule ugomvi. Makasi ya kitambaa yasikate karatasi.

Kabla ya mkutano kwisha, kubalianeni mambo haya na yaandikwe kwa kitabu: nani ataweka kipimo-mama, nani atakagua vipande kabla havijashonwa, na kipande kibovu kitarudishwaje bila kumwaibisha aliyekikata. Pembetatu za pembeni zitieni ndani ya mto.