Arbuni ni Mali ya Nani? Fikihi ya Kuchagua Watoa Huduma wa Harusi



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, darasani tunasoma mlango wa nikahi na mlango wa biashara kana kwamba havihusiani. Harusi huvikutanisha. Sheikh hufunga akdi moja tu siku ya ndoa, lakini kamati ya harusi huwa imeshafunga akdi kumi au zaidi kabla ya siku hiyo: ya mahema, viti, mpishi, magari, mpiga picha, fundi wa gomesi na mwenye spika. Ile akdi moja tunaiendea kwa udhu na hofu ya Mungu. Hizi nyingine tunazifunga kwa simu, kwa maneno matupu, wakati mwingine tukiwa juu ya boda. Somo la leo linahusu hizi nyingine.

Nimelazimika kuzisoma kwa karibu mwaka huu. Dada yangu anaolewa Jinja, bwana harusi ni wa Mbale ninakosoma, na wazee wamenifanya katibu wa kamati.

1. Anza na kile ambacho ndoa haiwezi kukikosa

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku mashariki mwa Uganda tunayafuata, nguzo za nikahi ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuoza na kukubali. Mahari ni haki ya mke. Walima ni sunna iliyosisitizwa, na kiwango chake ni uwezo wa mtu. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdur-Rahman bin Auf afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Yeye mwenyewe alipomwoa Safiyya (r.a.), njiani wakirudi kutoka Khaybar, walima ulikuwa tende, samli na maziwa makavu vilivyowekwa juu ya mikeka ya ngozi. Hapakuwa na mkate wala nyama.

Sisi tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alisitisha mikusanyiko kwa siku 32 kwa sababu ya korona. Harusi zilizokuwa zimekaribia na zisizoweza kuahirishwa aliziruhusu, kwa sharti watu wasizidi kumi. Waislamu hawakupungukiwa na nguzo hata moja, kwani kumi wanatosha na wanabaki.

Kwa hiyo, kabla hujamtafuta mtoa huduma yeyote, gawa daftari lako mara tatu: yaliyo nguzo au haki, yaliyo sunna, na yaliyo mapambo. Cheti cha ndoa kiweke katika fungu la kwanza, kwa kuwa ndoa zetu zina sheria yake ya nchi tangu 1906, na kuandikisha ndoa ni kulinda haki za mke na watoto. Fedha zikipungua, kata kuanzia fungu la tatu. Mapambo si haramu, ila hayana haki ya kula mahari ya bibi harusi.

2. Ipe kila akdi jina lake

Ugomvi mwingi wa harusi hutokana na pande mbili kutojua zimekubaliana nini. Fikihi inatusaidia kwa kuipa kila akdi jina na masharti yake.

*Mahema, viti na magari* ni ijara ya vitu: unanunua manufaa kwa muda maalumu. Lazima vijulikane kitu, muda na bei. "Mahema mazuri kwa siku nzima" haijulikani. "Mahema matatu ya watu mia mia, yasimamishwe kabla ya saa 2 asubuhi, yang'olewe baada ya Magharibi" inajulikana. Sisi msafara wetu utatoka Mbale kwa barabara ya Tirinyi, upite Iganga hadi Jinja. Basi tumeuliza mapema: mafuta ni ya nani, dereva atakula kwa nani, na gari likiharibika Namutumba nani ataleta jingine?

*Mpiga picha na mshereheshaji* ni ijara ya kazi. Hapa mtu mwenyewe ndiye unayemkodi. Akija mwanafunzi wake badala yake, hujapata ulichokubaliana.

*Fundi wa nguo* anategemea kitambaa. Ukimpelekea kitambaa chako, umemkodi kwa kazi. Kitambaa kikiwa chake, hiyo ni istisnai, yaani kuagiza kitu kitengenezwe. Lazima utaje aina ya kitambaa, vipimo na siku ya kukabidhiwa.

*Mpishi* ndiye anayehitaji uangalifu zaidi, kwani kuna njia mbili. Ukinunua mchele, mbuzi na matoke mwenyewe, ukamkodi apike, hasara ya chakula kupungua ni yako. Ukinunua kwa sahani, hasara ni yake. Kwa mfano, sahani 300 kwa shilingi 15,000 ni 4,500,000. Sahani hiyo ina nini? Nyama vipande vingapi? Wageni wakiwa 350, hizo 50 zinalipwaje? Yasipoandikwa haya, hapo pana gharari, yaani mashaka ambayo Mtume (s.a.w.) ameyakataza katika biashara.

3. Arbuni

Sasa tufike kwenye jambo linalowaumiza wengi. Kila mtoa huduma hudai malipo ya kwanza. Waswahili tunayaita arbuni, neno tulilolipata katika Kiarabu pamoja na hukumu zake. Swali ni hili: shughuli isipofanyika, arbuni ni mali ya nani?

Wanazuoni wametofautiana. Wengi wao, wakiwemo wa Hanafi, Maliki na Shafi, wamekataza muuzaji kubaki nayo, wakitegemea hadithi iliyopokelewa katika Muwatta na Abu Dawud. Wameona ni kula mali ya mtu bila kumpa kitu. Imam Ahmad aliidhoofisha hadithi hiyo. Akairuhusu arbuni, akitegemea habari ya nyumba iliyonunuliwa Makka kwa Safwan bin Umayya iwe jela katika zama za Umar (r.a.). Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lilipokutana Brunei, liliijuzisha arbuni kwa sharti muda wa kungoja uwekewe mpaka, na likaiingiza ijara katika hukumu hiyo.

Lakini angalieni vizuri: wanaoiruhusu wamezungumzia *mteja* anayejitoa. Mtoa huduma akivunja yeye, anairudisha. Hili linasahauliwa sana. Mwenye mahema mmoja alipokea kwetu shilingi 400,000. Wiki tatu baadaye akapiga simu: amepata shughuli kubwa tarehe ileile, sisi tutafute siku nyingine, na "arbuni hairudi". Mjomba alimfuata na risiti yenye tarehe ya harusi, wakaketi na imamu wa mtaa. Amerudisha 300,000. Laki moja iliyobaki bado tunaidai, na ni fedha ambazo dada yangu aliziweka kidogo kidogo kutoka mshahara wake wa ualimu.

Na ikiwa hakuna aliyejitoa, bali limeshuka jambo la Allah? Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, ikaua watu na kuharibu mali. Siku kama hiyo hema halisimami. Mtume (s.a.w.) alimkataza muuza matunda kuchukua mali ya nduguye matunda yakipatwa na balaa. Wanazuoni wametofautiana kama hilo ni wajibu au ni wema, lakini katika ijara msingi uko wazi: manufaa yakishindikana kabisa, ujira hauna mahali pa kusimama. Njia nzuri ni kukubaliana mapema: shughuli ihamishiwe siku nyingine, au arbuni irudi baada ya kutoa gharama iliyokwisha kutumika kweli.

4. Maswali kabla ya kutoa shilingi

1. Je, vitu ni vyake au naye anakodi kwingine? Nenda ukavione.
2. Nani aliyemtumia karibuni? Mtafute mtu huyo, umuulize kuhusu muda na maneno ya mwisho ya bei.
3. Mpishi: nani anachinja? Miji yetu ina watu wa dini zote, na sufuria iliyopika nguruwe Jumamosi iliyopita inaweza kuja kwako. Uliza bila haya.
4. Mpiga picha: nani atapiga upande wa wanawake? Picha zitatumika kujitangaza mtandaoni? Andikeni kwamba hazitumiki bila idhini.
5. Mshereheshaji: ataacha nafasi ya Adhuhuri na Alasiri? Atatumia maneno gani mbele ya wazee?

Kisha andikeni. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatufundisha kuandika deni la muda na kushuhudisha. Karatasi moja inatosha: majina, kazi, bei, arbuni, tarehe ya salio, na nani atabeba nini mambo yakiharibika. Ukituma fedha kwa simu, hifadhi ujumbe. Kuandika si kumdhania ndugu yako vibaya. Ni kumkinga asije akakudhulumu au wewe ukamdhulumu.

Nasi tuna wajibu wetu. Mtume (s.a.w.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira kabla jasho lake halijakauka. Mpishi aliyekesha na moto hapaswi kuambiwa "njoo Jumatatu, hazina amelala".

5. Ahadi si fedha

Katika mikutano ya harusi watu huahidi kwa sauti kubwa, na katibu huandika. Sisi tuna safu mbili: "ameahidi" na "ametoa". Mkataba unasainiwa kwa safu ya pili tu. Anayesaini kwa ahadi huishia kukopa, na wanandoa huamka siku ya pili na wadai mlangoni. Tupunguze wageni, lakini tusiwaache maskini, kwa maana Mtume (s.a.w.) amekitaja kuwa chakula kibaya kabisa kile cha walima wanaoitwa matajiri na kuachwa mafakiri.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Mteja ameahirisha harusi kwa sababu ya msiba. Je, amejitoa?
2. Mpishi ameleta sahani 280 badala ya 300. Salio lake linahesabiwaje?
3. Ni kipi katika harusi ya mwisho uliyohudhuria kingeweza kuondolewa bila kupunguza nguzo, haki wala sunna?

Allah azibariki ndoa zetu, azikunjue riziki zetu kwa halali, na atuepushe na deni linalotushinda. Wabillahi tawfiq.